Mtoto yuko mahabusu na anataja kufa: uanzie wapi

Dada yangu, umeeleza kwamba mwanao wa miaka 16, anayesubiri kesi katika mahabusu ya watoto Dar es Salaam, halali usiku, hagusi chakula, na mara ya mwisho alikwambia heri afe kuliko kuendelea kukaa humo. Kauli hiyo usiichukulie kuwa deko. Nenda leo ukamwone msimamizi wa mahabusu pamoja na afisa ustawi wa jamii, uwaeleze maneno yake kama alivyoyatamka, uombe asiachwe peke yake, na uombe kwa maandishi apelekwe kwa daktari wa magonjwa ya akili, kwa mfano katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, huku ukibaki na nakala ya barua yako.

Afisa huyo ndiye pia anayeandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii, yaani maelezo ya maisha ya mtoto na familia yake, kwa ajili ya mahakama ya watoto. Kwa hiyo usimfiche kitu: kama mtoto aliwahi kuumia kichwani, ana kifafa, anavuta bangi, au alishuhudia vipigo nyumbani (najua hili la mwisho ni gumu kulitamka), litaje.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo, ila akikutwa na hatia anaweza kupelekwa shule ya maadilisho (ya kurekebisha tabia za watoto waliovunja sheria) Irambo, Mbeya, mbali nawe na mbali na daktari aliyeanza kumtibu. Basi omba maoni ya daktari yamfikie hakimu kabla ya uamuzi. Ukizungushwa, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.