Boksi la bamba za shaba lisilo na jina: ni injini gani, na nianzie wapi?

SWALI: Fundi, salamu. Kwenye maonyesho ya treni ndogo hapa Birmingham nimenunua boksi la zamani lisilo na lebo wala maelekezo. Ndani mna bamba tatu za shaba ya manjano zenye vipande vilivyochongwa kwa asidi, mfuko wa vipande vya madini laini ya kijivu (dohani, kuba, bafa) na mota nzito iliyo wazi. Magurudumu hamna. Muuzaji alisema huenda ni ya "makoloni", nami moyo ukanikimbilia Mombasa. Matundu ya ekseli yameachana mm 29 na mm 33. Ya bafa mm 23. Ni injini gani, na nifanyeje itembee vizuri?

JIBU: Ndugu yangu, salamu zimefika. Wengi huniandikia "nina boksi la shaba, ni nini?" bila kipimo hata kimoja. Wewe umepima, na vipimo vyako vinasema mengi.

Mombasa tuiondoe kwanza, ingawa najua itakuuma. Injini za reli yetu zilipita kwenye njia ya upana wa mita moja na hazikuwa na bafa mbili za pembeni, yaani zile za kupokea mgongano wa mabehewa. Kiunganishi kilikuwa kimoja, katikati. Bamba lako la mbele lina matundu mawili. Hiyo ni Uingereza, na zile mm 23 ndizo zinazotupa skeli. Bafa za huko huachana karibu futi 5 na inchi 8½, ambazo kwa skeli ya mm 4 kwa futi, yaani 1:76, ni kama mm 22.8. Ingekuwa skeli kubwa ya mm 7 ungepima karibu mm 40.

Sasa ekseli. Gawanya kwa nne: mm 29 ni futi 7 na inchi 3, mm 33 ni futi 8 na inchi 3. Kwa aliyezoea reli za Uingereza hiyo ni lafudhi: mtu akifungua kinywa tu unajua katoka Great Western, moja ya kampuni za reli za zamani za huko. Ungeniambia 32 na 34 ningekwambia Midland, kampuni nyingine ya huko. Ila lafudhi haitaji jina la mtu. Great Western walitumia nafasi hiyohiyo kwenye injini nyingi za magurudumu sita, kuanzia Dean Goods za kuvuta mizigo hadi injini ndogo za kupanga mabehewa stesheni. Dean Goods ina gurudumu la futi 5 na inchi 2, yaani karibu mm 20.7, na huburuta behewa lake la makaa na maji. Zile ndogo zina futi 4 na inchi 7½, yaani mm 18.5, na maji huyabeba zenyewe.

Basi tandaza bamba mezani utafute vipande viwili virefu vya tangi ambavyo havishuki hadi kwenye sakafu ya injini. Ukiviona, una injini ambayo matangi yake huning'inia kushoto na kulia mwa boila kama shogi la punda wa Lamu. Waingereza nao waliipa jina la shogi hilohilo: pannier. Aina maarufu kuliko zote ni 5700, zilizotengenezwa 863 kati ya 1929 na 1950, nami naweka dau langu hapo. Usikate shauri kabla hujatazama mambo mawili. Kama matundu ya madirisha ya mbele ya kibanda ni ya duara, ni 5700 za mwanzo; kama yana pembe na kibanda ni kirefu, ni 8750, yaani zile zilizotoka kuanzia 1933. Na kama boila inapungua kuelekea mbele na mfukoni hamna kuba, una 9400, ambayo ekseli zake zina vipimo vilevile. Lakini umesema kuba ipo. Kagua pia ukingo wa bamba kwa kioo cha kukuzia: watengenezaji wengi waliacha herufi au namba pale, na ukishakata vipande ukingo huenda kwenye taka pamoja na jina.

Kuhusu kuiboresha, ushauri wangu haupendwi: acha mwili kabisa hadi fremu itembee. Mwili mzuri juu ya fremu inayochechemea ni pambo la kabatini.

Laza mikono ya kuunganisha magurudumu juu ya fremu, kisha pitisha mashina ya keekee kwenye matundu ya vyote viwili. Yakiingia bila kulazimishwa, mshukuru Mungu. Yakikataa, usipanue matundu ya mikono ili "ipite tu". Hapo utakuwa umenunua kigugumizi cha kudumu. Rekebisha bushi za ekseli kwenye fremu, ukichukua nafasi ya matundu ya mikono kuwa ndiyo kipimo. Matundu ya bamba za namna hii kwa kawaida huachwa madogo makusudi, kwa hiyo yafungue kwa rima (kifaa cha kupanulia tundu) kidogo kidogo, usiyatoboe kwa keekee moja kwa moja.

Mota ile iliyo wazi usiitupe, lakini usiitumie. Sumaku za zamani huchoka, hasa kama kuna mtu aliwahi kuifungua na kutoa rota. Zaidi ya hapo, mara nyingi brashi yake moja imeungana na chuma cha mwili. Ukifunga kidhibiti cha kidijitali bila kuitenga, utakiunguza. Zamani gia zilikuwa 40:1 au hata chini ya hapo, ndiyo maana injini za kupanga mabehewa zilikimbia kama za abiria. Nunua mota ndogo iliyofungwa na gia ya 60:1 au 80:1. Udogo wake una faida nyingine: utaificha ndani ya boila na matangi, na mwanga utapita chini ya boila kama kwenye injini yenyewe. Mota ya zamani iliziba nafasi hiyo yote.

Ukifika kwenye mwili, safisha shaba kwanza. Ndimu inayong'arisha sinia za bibi inatosha. Suuza sana, kausha, kisha lehemu. Kwenye mikunjo, mstari ulioliwa nusu na asidi hukaa upande wa ndani. Ukishakunja, mwagia risasi ya kulehemu kwenye kona ili ipate nguvu.

Vipande vya kijivu ndivyo vinavyoliza watu. Pasi ya kulehemu ya kawaida huviyeyusha mbele ya macho yako, kwa hiyo tumia risasi ya kulehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi 70 za Selsiasi. Lakini risasi hiyo haishiki shaba tupu: paka shaba risasi ya kawaida kwanza, acha ipoe, ndipo ubandike kipande kwa ile ya nyuzi 70. Ukiona dohani ina unga mweupe, inaanza kuoza. Nunua ya shaba iliyochongwa kwa mashine.

Uzito weka ndani ya matangi, na punje za risasi zishikishe kwa gundi ya epoksi. Mimi niliwahi kutumia gundi nyeupe ya mbao kwa sababu ndiyo iliyokuwa mezani. Ilifanya kemia yake na risasi polepole, ikavimba, na miezi kadhaa baadaye nikakuta mshono wa tangi umeachia na rangi niliyoipaka kwa wiki mbili imepasuka.

Magurudumu agiza ya mm 18.5 kwa ekseli ya inchi ⅛, na mtaje muuzaji upana wa njia yako: OO ni mm 16.5, EM ni mm 18.2. Namba ya ubavuni isubiri hadi uwe na hakika ya madirisha ya kibanda. Yakiwa ya duara, unaweza hata kuipaka wekundu wa London Transport, shirika la usafiri la jiji la London, waliozinunua chache kutoka reli kuu na kuzitumia hadi 1971. Nitumie picha ya kile kipande cha mbele cha kibanda kabla hujakikata kwenye bamba.