Askofu huvaa mitra au kilemba?

SWALI: Katika misa ya kumweka wakfu askofu wetu, msomaji wa taratibu alitangaza kwamba askofu "anavikwa mitra". Mzee mmoja jirani yangu alinung'unika kuwa hicho si Kiswahili, na kwamba tungesema "kilemba" kama cha Haruni. Nani yuko sahihi?

JIBU: Msomaji alisema sawasawa, lakini mzee naye asibezwe.

Mitra ni neno la kupokea, kama lilivyo askofu lenyewe, ambalo asili yake ni Kigiriki na limetufikia kwa njia ya Kiarabu. Wagiriki waliita mitra utepe au kitambaa cha kufunga kichwani. Kilatini kikalichukua, na kuanzia karne ya 11 hivi likawa jina la kofia ya maaskofu. Leo kofia hiyo ni ngumu, ina ncha mbili, na nyuma zinaning'inia tepe mbili. Mimi kila nizionapo hukumbuka kile kitambaa cha Wagiriki.

Sasa kilemba. Hili tunalo wenyewe, la ngeli ya ki-vi. Mwarabu husema imama. Kofia hushonwa, kilemba hupigwa: kitambaa kinazungushwa kichwani mpaka kikae. Ndiyo maana Biblia yetu, katika Kutoka 28, inamvika Haruni kilemba, na imepatia kabisa, kwa kuwa neno la Kiebrania limetoka kwenye kitenzi cha kuzungusha. Waliotafsiri sura hiyohiyo kwa Kigiriki zamani waliandika, katika aya ya 37, mitra! Mzee wako amegusa undugu wa kweli.

Hata hivyo, nisingeandika "kilemba cha askofu". Msomaji ataona shehe. Tena kilemba kina mizigo yake: ni ada anayopewa fundi pale mwanafunzi wake anapohitimu, na ukimvika mtu kilemba cha ukoka umemsifu kwa uongo. Andika mitra, mitra hii, mitra hizi.

Ila usiite mitra kile kikofia cha duara kinachokaa utosini, cha zambarau kwa maaskofu, chekundu kwa makardinali, cheupe kwa Papa. Laurean Rugambwa wa Bukoba alipofanywa kardinali mwaka 1960 alipewa kofia nyekundu. Mitra alikuwa nayo tangu alipowekwa wakfu kuwa askofu.