Kripto kama fedha ya kila siku: jibu la muuza nyavu wa Tanga

Ndugu yetu ameuliza kama sarafu za kripto, yaani fedha za kidijitali zisizotolewa na benki kuu, zinaweza kuwa fedha tulivu ya matumizi ya kila siku, yaani ya kununulia unga, kulipia pango na kukopeshana. Nauza nyavu, kamba na taa za uvuvi hapa Tanga, na wateja wangu wengi ni wavuvi wa dagaa wanaoshusha samaki pale Deep Sea. Mijadala mingi huishia kwenye kasi ya kutuma na ukubwa wa ada, lakini kwa mwenye duka kipimo ni daftari la mkopo.

Mvuvi wa dagaa hutegemea giza. Mbalamwezi ikishika, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, naye hubaki pwani akishona nyavu. Kwa hiyo huchukua bidhaa leo na kulipa giza lijalo, na mwenye kuchukua injini huenda akalipa kidogo kidogo msimu mzima. Daftarini naandika jina, bidhaa na shilingi, na sote wawili tunajua kwamba siku ya kulipa kiasi hicho kitakuwa na uzito uleule au unaokaribiana nao. Sasa tuweke Bitcoin, sarafu ya kripto inayojulikana zaidi, mahali pa shilingi. Mwanzoni mwa 2023 Bitcoin moja ilikuwa karibu dola 16,500, na mwaka ulipokwisha ilikuwa imepita dola 42,000. Aliyekopa Januari angedaiwa Desemba zaidi ya mara mbili ya thamani ya wavu aliochukua, ilhali dagaa wake hawakupanda bei kiasi hicho. Mwaka uliotangulia ningefilisika mimi, kwa kuwa ilitoka karibu dola 69,000 Novemba 2021 ikaporomoka hadi karibu 16,000 mwaka mmoja baadaye.

Tatizo hili limo ndani ya mfumo wenyewe. Bitcoin zina ukomo wa milioni 21, na mpya hutoka kwa ratiba ya programu, takriban kila dakika 10, kwa kiasi kinachopunguzwa nusu kila baada ya miaka kama minne. Watu wakizitaka hakuna wa kuongeza, wakizikimbia hakuna wa kupunguza, basi mshtuko wote huiangukia bei. Benki Kuu, pamoja na lawama zote tunazoitupia, hulipwa kwa kazi hiyo hasa ya kuongeza na kupunguza fedha. El Salvador iliifanya Bitcoin kuwa fedha halali Septemba 2021. Januari 2025 ikabadili sheria yake ili mfanyabiashara asilazimike tena kuipokea.

Wapo watakaosema nimechagua mfano mbaya, na kwamba zipo sarafu zilizofungwa kwenye dola, yaani moja hukusudiwa kubaki na thamani ya dola moja, kama USDT na USDC. Hoja hiyo ina nguvu zaidi. Mteja wangu mmoja alilipiwa injini ya boti kwa USDT na shemeji yake aliye Oman, na fedha ikafika kwenye simu yangu kabla hatujamaliza kahawa. Kuigeuza shilingi ndiko kulikochosha: mnunuzi wa soko la mtu kwa mtu, ambako watu huuziana sarafu hizi wao kwa wao, alitoa bei iliyo chini ya ile ya benki, na nilipokwenda kutoa, wakala hakuwa na keshi ya kutosha. Isitoshe, utulivu wenyewe ni wa dola. Katikati ya 2024 dola moja ilizidi shilingi 2,600, na kufikia Desemba ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400, wakati mimi nalipa mshahara na kodi kwa shilingi.

Kufungwa huko nako kuna daraja zake. TerraUSD, iliyoegemea sarafu dada ya Luna badala ya akiba halisi, ilianguka ndani ya siku chache Mei 2022 na haikuinuka. USDC ilishuka chini ya senti 90 Machi 2023, sehemu ya akiba yake ilipokwama katika Silicon Valley Bank, benki ya Marekani iliyofilisika, kisha ikarudi mahali pake.

Kwa upande wa sheria, tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lilisema kripto si fedha halali nchini, na tangu Julai 2024 kuna kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla mpokeaji hajalipwa, ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwa hiyo, mteja akiwa na ndugu wa nje anayetaka kulipa kiasi kikubwa, kwanza tunakubaliana bei kwa shilingi, pili gharama ya kubadilisha inakuwa juu ya mlipaji, na tatu nabadilisha siku ileile. Mkopo wa nyavu hauingii kabisa katika utaratibu huo.