Kaka anajiona mzima, anataka kuacha dawa ya saratani ya damu

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu mwaka jana alikuwa anakonda, jasho usiku, tumbo upande wa kushoto limejaa, kupimwa chembe nyeupe zikakutwa laki moja na themanini elfu. Akaambiwa ni saratani ya damu, ile CML, akapewa vidonge vya imatinibu. Sasa bandama limenywea, anakula, anafanya kazi, anasema kapona anaacha. Halafu ndugu wanasema ni ugonjwa wa ukoo, je wanawe wapimwe? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba. Kwanza kabisa mwambie asiache, mpigie leo leo, haya mengine mtayasoma baadaye.

Iko hivi. Ndani ya seli kuna protini ambazo kazi yake ni kupokezana ujumbe, hii inamwambia ile mpaka seli inajua igawanyike au itulie. Mojawapo inaitwa ABL, inawaka ikihitajika, kazi ikiisha inazimwa. Sasa kwa kaka yako kuna seli moja tu kwenye uboho wa mifupa, wakati inagawanyika, kromosomu (zile nyuzi zinazobeba maelekezo ya seli) ya 9 na ya 22 zikakatika zikabadilishana vipande, jeni ya ABL, yaani maelekezo ya kutengeneza protini hiyo, ikaungana na nyingine inaitwa BCR, na protini inayotoka hapo haizimiki, ni kama bomba lililokatika koki. Seli inaambiwa zaliana, zaliana, usiku na mchana, ndo maana damu yenye kawaida ya chembe nyeupe kama 4,000 hadi 11,000 ikafika huko.

Kromosomu ya 22 iliyobaki fupi baada ya kubadilishana huko, watafiti Nowell na Hungerford waliiona kule Philadelphia mwaka 1960, na 1973 mtafiti Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba ni vipande vimebadilishana. Imatinibu ikaruhusiwa Marekani 2001, na kwa kweli kwangu mimi ni moja ya dawa nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, maana kabla yake tegemeo kubwa la kupona lilikuwa kupandikizwa uboho, na wangapi wangeweza?

Lakini angalia inachofanya. Inakaa pale pale protini ile inapochukulia nguvu ya kufanya kazi, inaziba. Jeni haijatengenezwa, seli zenye kasoro zinaweza kuwa bado zipo, akiacha kumeza amri inaanza upya. Na kumeza leo kuruka kesho ni hatari vilevile, ugonjwa unaweza kuizoea dawa.

Kuhusu ukoo hapana jamani. Kasoro imetokea ukubwani kwenye uboho wake yeye, haipo kwenye mbegu za uzazi, watoto hawana haja ya kupimwa na hakuna wa kulaumiwa.

Ameze pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Macho yakivimba asubuhi au misuli ikikaza amwambie daktari wake, asipunguze dozi mwenyewe.

Wapo wanaoachishwa, ila ni baada ya miaka kadhaa ya majibu mazuri sana na chini ya daktari, na hata hao karibu nusu ugonjwa unarudi. Kuna kipimo cha kuhesabu BCR-ABL yenyewe kwenye damu, kinaweza kufanyika hata kwa mashine ya GeneXpert, ile ile ya kupimia TB. Akienda kliniki aulize majibu ya hicho, wingi wa chembe peke yake hautoshi.