Kwa anayeanza kuchambua lateksi mseto za rangi

Ukikabidhiwa lateksi (chembe ndogo za polima zilizotawanyika majini) ya alkidi na akriliki, bosi atataka kujua jambo moja: polima hizi mbili zimeungana kwa bondi za kemia, au zinakaa tu ndani ya chembe moja kama wapangaji wasiosalimiana? Wengi hukimbilia kromatografia, mbinu inayotenganisha molekuli kwa ukubwa. Subiri kwanza.

Angalia unavyokausha sampuli. Alkidi hubeba mafuta, mara nyingi ya soya au ya kitani, na mafuta hayo hukauka kwa kuvuta oksijeni hadi minyororo yake ifungamane. Ukiacha filamu kwenye oveni usiku kucha, jeli (polima iliyofungamana hadi haiyeyuki) utaitengeneza mwenyewe, kisha utaandika kwenye ripoti kwamba ilitoka kwenye riakta. Kausha kwa kugandisha au chini ya nitrojeni, bila kikaushio cha kobalti.

Halafu pima jeli. Osha filamu ndani ya Soxhlet (kifaa kinachozungusha kiyeyusho moto juu ya sampuli) kwa tetrahidrofurani, saa 24 kwa kawaida, kausha kilichobaki, rudisha kwenye mizani. (Tetrahidrofurani iliyokaa sana hujenga peroksidi zinazolipuka; ipime kabla ya kuwasha moto.) Namba hiyo ni ya lazima, maana kichujio cha mikroni 0.45 huzuia jeli isiingie kwenye mashine ya kromatografia. Ikiwa nusu ya polima ni jeli, kilele kizuri unachokiona kinasimulia ile nusu nyingine tu.

Kwenye kromatografia tumia vitambuzi viwili: kimoja kinachoona polima zote, kingine cha urujuanimno. Alkidi ya anhidridi ya fthaliki ina pete za benzini zinazofyonza urujuanimno wa nanomita 254; akriliki ya methili methakrilati na butili akrilati haifyonzi hapo. Urujuanimno ukijitokeza kwenye molekuli kubwa ambako alkidi peke yake haifiki, shuku upandikizaji, yaani akriliki kuungana na alkidi kwa bondi. Nasema shuku, kwa sababu alkidi huweza kufungamana na alkidi nyingine: pitisha pia alkidi iliyopashwa moto pamoja na kianzishi (kemikali inayoanzisha mmenyuko) bila monoma (molekuli ndogo zinazojenga akriliki), ulinganishe. Kukiwa na stairini, mbinu hii iache, kwa kuwa stairini nayo inafyonza humo humo.

Omba pia fomula. Butili akrilati hushika bondi maradufu za mafuta kwa urahisi kuliko methili methakrilati, kwa hiyo uwiano wa monoma unakuambia utarajie nini. Na uzito wa molekuli uliokadiriwa kwa kulinganisha na polistairini usiutangaze kama uzito halisi. Mnyororo wenye matawi hujikunja, ukaonekana mdogo kuliko ulivyo.