Baba Hakutetemeka, Kwa Hiyo Hatukushtuka

Ugonjwa wa ubongo uliompata Baba, PSP, ulianza kwa kuanguka ngazini. Nyumba yetu ya Kibokoni ni zile za zamani, ngazi zake nyembamba na zimesimama wima, kwa hiyo mara ya kwanza tulizilaumu ngazi. Mara ya tatu alianguka sebuleni, sakafu kavu, hakuna aliyemgusa. Na kila mara alianguka chali. Mtu akijikwaa huanguka kifudifudi, mikono mbele. Baba alikuwa akienda kinyumenyume kama mlango uliong'oka bawaba. Laiti ningejua wakati ule uzito wa hilo neno, chali.

Zahanati ya kwanza walisema presha. Ya pili wakasema labda kiharusi kidogo. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akashauri asomewe, maana macho yalikuwa yamemtoka kama aliyeona kitu. Tukamsomea. Aya za Mungu hazidhuru, lakini hazikutuzuia kutafuta daktari, na wewe usikubali zikuzuie.

Aliyeona jambo lenyewe ni Mama. Akasema, "Baba yenu siku hizi akisali haangalii pa kusujudia. Anakodolea ukuta tu." Nikaunganisha na kanzu zake, ambazo kila jioni zilirudi na mchuzi kifuani. Sahani alikuwa haioni! Duka la miwani lilikuwa tayari limemuuzia lenzi mbili, ya kusomea iko chini, pale pale macho yake yasipofika. Akazidi kuanguka.

Daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu alitumia dakika chache tu kwa hilo. Alimwambia Baba afuate kidole chake kwa macho bila kuinamisha kichwa. Kidole kikashuka, macho yakabaki juu. Halafu akamwambia akitazame kidole kilichotulia mbele yake, akamshika kichwa na kukiinua taratibu, na macho yakashuka yenyewe. Akatueleza kwamba misuli ya macho ni mizima, amri kutoka ubongoni ndiyo haifiki. Akasimama nyuma yake, akamvuta mabega ghafla, Baba akamwangukia mikononi mzima mzima, hata hatua moja ya kujizuia hakupiga.

Ulikuwa PSP (progressive supranuclear palsy), mmoja wa magonjwa yanayofanana na Parkinson, ule unaojulikana kwa kutetemeka, lakini siyo Parkinson. Si mgeni duniani. Madaktari Steele, Richardson na Olszewski waliuandika huko Toronto mwaka 1964. Mtaani kwetu hauna jina, na kisicho na jina kwetu huitwa uzee. Una ndugu zake: MSA (multiple system atrophy), ambapo presha humporomoka mtu akisimama na mkojo humsumbua mapema; ule wa vijidonge vya Lewy, yaani chembe za protini ndani ya ubongo, ambapo mgonjwa huona watoto wamekaa mlangoni na hakuna mtoto; na ule ambao mkono mmoja hukataa kutii.

Hakuna kipimo cha damu cha kuukata mzizi wa fitina. Picha ya MRI ilionyesha shina la ubongo limesinyaa kwa juu, umbo linalofanana na ndege mdogo wa mdomo mrefu, kama yule ndege aitwaye chozi, lakini daktari alisema picha huunga mkono tu yale aliyoyaona kwa macho. Kwa hiyo ukienda, nenda na tarehe za kuanguka, na video za simu akitembea, akila, akiinuka. Zangu zilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote.

Alipewa levodopa, dawa ya Parkinson, ikapandishwa kidogo kidogo hadi kiwango kikubwa, akakaa nayo zaidi ya mwezi. Haikumfaa kitu. Nililia, lakini kumbe hilo nalo ni jibu, maana mwenye Parkinson huwa inamsaidia. Usiikatize mwenyewe ghafla, hata hivyo. Daktari ndiye huishusha.

Na hapa nina uchungu. Siku moja alitapika, kliniki moja wakamdunga metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika. Siku mbili alikuwa gogo, hata kumeza mate tabu. Dawa hiyo, na haloperidoli ya wagonjwa wa akili pia, huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwendo, ambayo mgonjwa huyu tayari anayo haba. Sasa majina hayo mawili yako kwenye karatasi ndani ya kadi yake ya kliniki, kwa wino mwekundu, na tunaionyesha kabla sindano haijafunguliwa.

Dawa ya kuuponya haipo, wala ya kuuchelewesha, kwa hiyo kazi kubwa iko nyumbani. Baba tumemshusha chumba cha chini. Mikeka na mabusati yametoka. Mtaalamu wa viungo alimpa fremu ya kutembelea, akaifunga uzito upande wa mbele ili isimfuate akienda kinyumenyume. Anasali kwenye kiti. Sahani huwekwa juu ya sufuria iliyofudikizwa mezani, ikalingana na macho yake, na tangu hapo kanzu zimepona.

Kumeza ndiko kunakonitisha zaidi, maana chakula kikienda njia ya mapafu huleta nimonia. Chai nyepesi na maji ni hatari kuliko uji mzito. Mahamri makavu hapati tena, tunayalowesha kwenye mbaazi za nazi hadi yalainike. Anakula amekaa wima, kidevu ameshusha, na halali mpaka nusu saa ipite. Sauti nayo inafifia, basi yale ya usia, na kama angetaka kulishwa kwa mpira siku ikifika, tuliyauliza mapema, akayajibu mwenyewe.

Kitu kimoja kimetushinda: kuinuka. Anaruka kitini kama aliyeitwa na king'ora, umwambie mara mia. Nimefunga kengele ya baiskeli kwenye mkono wa kiti, na mjukuu wake wa miaka minne akiisikia hupiga kelele kutoka uani, "Babu, kaa!" Mara nyingi babu hukaa.