"Amri za Kihindi" au Kamandi ya Jeshi la India?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninatafsiri makala ya historia inayohusu majeshi ya Uingereza na India yaliyovuka bahari kuja kupigana huku kwetu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kichwa chake nimekiandika hivi: "Amri za Jeshi za Kiingereza na Kihindi katika Kampeni ya Ng'ambo". Mwenzangu anayehariri amekikataa bila kunieleza sababu. Nimekosea wapi? Pia, katika makala hiyo wametajwa maofisa wa India wanaoitwa majemadari. Je, niliache neno hilo kama lilivyo? Msomaji, Tanga.

Jibu: Marahaba, ndugu msomaji. Mhariri wako ana haki, ingawa ilimpasa akueleze sababu, kwa kuwa kosa lenyewe lina mafunzo mengi kuliko linavyoonekana. Hakuna neno hata moja katika kichwa chako ambalo si la Kiswahili, lakini yakisomwa kwa pamoja yanamletea msomaji picha ya ofisa aliyesimama katika uwanja wa gwaride akipaza sauti ya "mguu pande, mguu sawa", mara kwa lugha ya Kiingereza na mara kwa lugha ya Kihindi.

Tuanze na kiambishi ki-. Tunaposema chakula cha Kihindi au mavazi ya Kihindi, tunataja namna na desturi ya watu wale, na hapo kiambishi hicho hakina tatizo. Lakini amri ni jambo la kutamkwa, kwa hiyo amri ya Kihindi haiwezi kuepuka kueleweka kama amri iliyotolewa kwa Kihindi. Panapohusika dola, taasisi au mamlaka, taja nchi yenyewe: Jeshi la Uingereza, Jeshi la India. Na kwa sababu msomaji wa leo akisikia Jeshi la India atafikiria jeshi la nchi iliyopata uhuru mwaka 1947, eleza mara ya kwanza unapolitaja kwamba ni Jeshi la India iliyotawaliwa na Waingereza, kisha uendelee na jina fupi.

Usije ukaliita Jeshi la Wahindi kwa kudhani kwamba umejiokoa. Wewe uko Tanga, na mfano ulio bora kabisa uko mlangoni pako. Jeshi lililoteremka hapo tarehe 2 Novemba 1914, likashindwa na kurudi melini tarehe 5, lilikuwa na watu wapatao 8,000 waliotoka Bombay, na lilitambulishwa kwa herufi B miongoni mwa majeshi ambayo India iliyapeleka ng'ambo. Ndani yake kilikuwamo kikosi cha Waingereza watupu kutoka Lancashire, walikuwamo Wagurkha wenye asili ya Nepali, na walikuwamo askari wa watawala wa Kashmir na Gwalior. Kiongozi wake, Meja Jenerali Arthur Aitken, alikuwa Mwingereza. Ukiandika kwamba Wahindi walishindwa Tanga na Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliyekuwa na wapiganaji wapatao 1,000, utakuwa umewatwisha askari lawama ya mipango ambayo hawakuipanga. Kwangu mimi hilo ni kosa la haki kama lilivyo kosa la lugha, na mfasiri anabeba sehemu yake.

Sasa tuje kwenye neno amri, ambapo ndipo ulipoteleza zaidi. Kiingereza kina neno moja, command, linalobeba mambo matatu ambayo Kiswahili huyatenganisha. Kwanza ni tamko la kumtaka mtu atende jambo, na hilo ndilo amri hasa. Pili ni madaraka aliyonayo kiongozi juu ya askari wake. Hapa amri bado inafaa, lakini ndani ya fungu la maneno tu, kama vile "askari walio chini ya amri ya Aitken", na pengine ni bora kusema uongozi au ukamanda. Tatu ni chombo chenyewe, yaani makao makuu, maofisa wake, vikosi vilivyo chini yake na eneo linalolindwa. Chombo hicho kwa Kiswahili cha leo kinaitwa kamandi, na si neno nililolibuni mimi: Jeshi la Wananchi wa Tanzania lina Kamandi ya Nchi Kavu, Kamandi ya Jeshi la Anga na Kamandi ya Wanamaji, na hakuna askari anayeweza kuiita Kamandi ya Wanamaji "Amri ya Wanamaji".

Jambo hili lina uzito mkubwa katika historia unayoitafsiri. Mwaka 1914 vita vya Afrika Mashariki viliongozwa kutoka India, hali askari wa Keya, ambao jina lao limetokana na herufi tatu za jeshi la Kiafrika la mfalme wa Uingereza, walikuwa chini ya Wizara ya Makoloni iliyoko London. Baada ya maafa ya Tanga, katika mwezi huohuo wa Novemba, Wizara ya Vita ya Uingereza ilichukua yenyewe uongozi wa vita hivyo. Jeshi D, lingine kati ya yale yaliyotoka India, lililokuwa Mesopotamia, yaani Iraki ya sasa, lilibaki mikononi mwa serikali ya India hadi Februari 1916, na wakati huo askari wa Meja Jenerali Charles Townshend walikuwa tayari wamezingirwa na Waturuki mjini Kut, ambako walisalimu amri tarehe 29 Aprili. Ukisema kwamba "amri ilihama kutoka India kwenda London", msomaji atajiuliza ni amri gani hiyo inayosafiri. Sema kwamba uongozi wa vita ulihamia London, naye ataelewa mara moja kilichobadilika. Na tazama jinsi tulivyosema kwamba walisalimu amri: hapo amri haina budi kubaki, kwa kuwa ni msemo uliokwisha kukomaa, na hakuna anayeweza kusalimu kamandi.

Jirani wa neno amri ni amiri, la mzizi uleule wa Kiarabu, lenye maana ya mwenye kuamuru. Siku hizi tumelihifadhi karibu kabisa kwa ajili ya Amiri Jeshi Mkuu, ambaye kwa kawaida ni mkuu wa nchi. Kwa hiyo Jan Smuts, aliyekabidhiwa majeshi ya Uingereza katika Afrika Mashariki mwezi Februari 1916, mwite kamanda mkuu; ukimwita Amiri Jeshi Mkuu utakuwa umempandisha hadi kiti cha mfalme.

Swali lako la jemadari ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu neno hili limepanda cheo lilipovuka bahari. Lina asili ya Kiajemi, na katika Jeshi la India lilitaja ngazi ya chini kabisa ya maofisa wenyeji. Juu ya jemadari alikuwapo subedari, na juu ya subedari alikuwapo subedari meja. Nao wote, hata walio na mvi za utumishi, waliwekwa chini ya kijana Mwingereza mwenye cheo cha luteni usu aliyewasili jana. Katika pwani yetu mambo yalikuwa mengine. Masultani wa Zanzibar walikuwa na askari wa Kibaluchi walioongozwa na majemadari wao, na jemadari aliyeshika ngome au kituo ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijeshi ambaye wenyeji walimwona kwa macho yao. Naona hapo ndipo neno lilipokua, hata leo jemadari kwa Kiswahili ni mkuu wa jeshi, na mara nyingi ni jina la sifa kwa mtu aliyeshinda vita vikubwa.

Basi ukiandika kwamba "jemadari aliongoza askari kuingia mjini", msomaji wako ataamini kwamba ni jenerali, kumbe ni mtu mwenye askari wachache na asiye na sauti mbele ya Mwingereza yeyote mwenye nyota. Sikushauri ulitupe neno hilo, maana ndilo cheo chake halisi, lakini lieleze palepale: "jemadari, cheo cha chini cha maofisa wenyeji katika Jeshi la India". Majenerali nao waache wabaki majenerali.

Yaliyobaki ni madogo. Kampeni kwa wasomaji wengi wa leo ni shughuli ya kuomba kura, kwa hiyo andika vita vya Afrika Mashariki, au mapigano ikiwa unazungumzia kipindi kifupi. Divisheni na brigedi ni maneno ya jeshi yaliyokubalika, na katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 tulizisikia brigedi zikitajwa kwa namba. Ila divisheni uitaje pamoja na neno jeshi mara ya kwanza, kwa kuwa Mtanzania aliyesoma sekondari atakumbuka matokeo ya mitihani. Jeshi la msafara silipendi, maana msafara pwani ni wapagazi na ngamia. "Jeshi lililopelekwa ng'ambo" linatosha.

Kichwa chako ningekiandika hivi: "Kamandi za Majeshi ya Uingereza na India katika Vita vya Afrika Mashariki, 1914–1918". Ng'ambo nimeiondoa kwa makusudi, kwa kuwa kwa aliyeandika makala hiyo Tanga ilikuwa ng'ambo, lakini kwako wewe na wasomaji wako ni nyumbani.